Tupa, mate na moto: ninavyokata mirija na glopu za kioo nyumbani

Video ya kamba na spiriti naletewa na kila mtu. Mtu anaizungushia chupa kamba iliyolowa spiriti, anaiwasha, anaichovya chupa kwenye ndoo ya maji, na chupa inatoka vipande viwili, mdomo umenyooka kabisa. Anayeniletea huwa keshajaribu kwake, na mkononi kabeba chupa iliyopasuka mshazari kutoka shingoni mpaka kitakoni. Wa karibuni ni kijana wa Makorora anayetengeneza taa za kuning'iniza. "Shikamoo mama. Mbona yangu haikatiki kama ya kwenye simu?"

Marahaba. Haikatiki kwa sababu kamba ni nene, moto wake unapasha ukanda mpana, na katika ukanda huo hakuna alama yoyote ya kuuongoza ufa. Ufa utaanzia penye udhaifu wowote utakaoukuta, na chupa ya kiwandani ina udhaifu wa kutosha: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba, mshono wa kalibu (chombo kinachoipa chupa umbo kiwandani) umepita ubavuni, na mikwaruzo ya kugongana kwenye kreti. Kwenye video umeonyeshwa ile moja iliyokubali. Zilizokataa hazikurekodiwa.

Nimefanya kazi kwenye maabara ya shule ya sekondari hapa Tanga mpaka nikastaafu, na kukata mirija kulikuwa kazi yangu, si ya mwalimu. Mirija ililetwa mirefu, mita moja na nusu, na mtihani wa vitendo ukikaribia ilibidi iwe vipande vya sentimita kumi, kumi na tano, vingine vikunjwe kona. Siku hizi nafanya barazani kwangu kwa kupenda tu, na kwa ajili ya majirani wenye chupa, glopu na chimni za chemli zilizomeguka mdomo.

Likuingie hili moja, yaliyobaki ni mazoea ya mkono: tupa, kile chuma cha meno madogo cha kunolea, haipiti ndani ya kioo kama msumeno unavyopita ndani ya ubao. Tupa inaacha mkwaruzo tu. Kinachotenganisha kioo ni ufa, na ufa hufunguka pale kioo kinapovutwa. Ukikibana kinavumilia sana, ukikivuta kinashindwa mapema. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza sababu: kioo kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana, na nguvu yote ya mvuto hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Alivuta nyuzi nyembamba za kioo akakuta zinahimili kuliko fimbo nene za kioo hicho hicho. Basi kazi yetu ni kuweka ufa mmoja ulio mbaya kuliko wenzake wote, mahali tunapotaka sisi, halafu kuuvuta, ama kwa vidole ama kwa joto.

Umeshaona jambo hili zahanati. Ampuli, kile kichupa cha kioo cha dawa ya sindano, ina nukta ya rangi shingoni, na chini ya nukta kuna mkwaruzo uliowekwa kiwandani. Muuguzi anaweka dole gumba juu ya nukta, anasukuma kichwa cha ampuli kiende nyuma, tak, imekatika safi. Zamani ampuli hazikuwa na nukta, zilikuja na kijitupa kidogo ndani ya boksi, na muuguzi alikwaruza mwenyewe. Ni hesabu ile ile.

Tuanze na mrija mwembamba, wa unene wa penseli au chini ya hapo, maana huo hauhitaji moto. Tupa iwe ya pembe tatu na iwe mpya, au angalau kona yake moja iwe bado kali. Ile iliyokwisha nolea mapanga usiniletee. Laza mrija mezani juu ya taulo, shika kwa dole gumba karibu na alama, weka kona ya tupa juu yake, halafu sukuma mara moja tu, kwa uzito, kwenda mbele. Mara moja. Wanafunzi wote niliowafundisha walitaka kwenda mbele na kurudi nyuma kama wanakata bomba, na wanachopata ni kichaka cha mikwaruzo ambacho kila mmoja una mawazo yake. Sauti ndiyo inayokujulisha: mkwaruzo mzuri unatoa mlio mmoja mkavu, *kriii*, na ukiugeuza mrija kwenye mwanga unaona mstari unaong'aa, si unga mweupe. Urefu wake robo ya mzunguko unatosha. Huna haja ya kuzunguka mrija wote.

Kisha lowesha kidole kwa mate, paka juu ya mkwaruzo. Watu hucheka hapa. Lakini maji yana kazi ya kweli: yanaingia mpaka kwenye ncha ya ufa na kudhoofisha kifungo kati ya silikoni na oksijeni, kwa hiyo ufa unakwenda kwa nguvu ndogo zaidi. Maji ya bomba yanafaa sawasawa, mate yako karibu tu.

Sasa uzungushie mrija taulo, acha mkwaruzo uelekee mbele, mbali na kifua. Dole gumba zote mbili ziwe nyuma ya mkwaruzo, upande wako, zikikaribiana. Sukuma kwa dole gumba huku unavuta mikono kwenda kushoto na kulia, kama unataka kuurefusha mrija. Kuvuta ndiko kunakonyoosha ufa. Anayepinda bila kuvuta anapata ncha iliyochomoza upande mmoja. Ukiona unatumia nguvu za kukaza meno, acha. Mkwaruzo wako haufai, weka mwingine, na uwe sentimita kadhaa mbali na wa kwanza.

Mdomo uliokatika hivyo ni wembe. Kwa mrija mwembamba naulainisha kwa moto: naingiza ncha kwenye mwali huku nauzungusha, mwali unageuka njano kwa sababu ya sodiamu iliyo ndani ya kioo, kingo zinaanza kung'aa na kujikunja kidogo. Hapo toa. Ukiendelea, tundu linajifunga. Taa ya spiriti inatosha kwa mrija mwembamba sana, mnene kidogo unataka kichomeo cha gesi. Uweke juu ya kigae na uusahau kwa muda, kwani kioo cha moto na kioo cha baridi vina sura moja. Na kwa taarifa yako, damu nyingi niliyoiona maabara haikutoka kwenye kukata. Ilitoka kwa watu wanaosukuma mrija mkavu kwenye kizibo. Paka sabuni ya maji, shika mrija karibu kabisa na kizibo, zungusha, usisukume.

Mrija mnene, chupa na chimni haviwezi kuvunjwa kwa vidole. Hapa joto ndilo linalovuta. Kioo cha kawaida, cha chokaa na soda, hupitisha joto polepole na hutanuka sana: urefu wa mita moja ukiongezewa nyuzi 100 za sentigredi huongezeka karibu milimita 0.9. Sehemu iliyopata moto inatanuka, jirani yake bado baridi haitaki, na penye mkwaruzo panafunguka. Kioo cha borosiliketi, kile cha bika nzuri za maabara, kwa joto hilo hilo hutanuka milimita 0.33 tu. Ndiyo maana unaweza kukiweka motoni kupikia maji, na ndiyo maana ni mkaidi kukikata kwa njia hii. Ukiangalia mrija kwa ncha yake, wa kawaida una ukijani, kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye mchanga. Wa borosiliketi huwa mweupe wa maji.

Njia ya wazee wa maabara ni tone la kioo. Unakwaruza kidogo mrija mnene, unalowesha. Pembeni unachoma ncha ya fimbo ya kioo mpaka iwe tone jekundu, unaligusisha mwishoni mwa mkwaruzo na kukandamiza. Ufa unakimbia. Mara nyingine unazunguka wote, mara nyingine unasimama katikati, nawe unachoma tone tena na kuligusisha mbele kidogo ya pale uliposimama, unauongoza hatua kwa hatua mpaka ukutane na mkia wake. Naipenda njia hii kuliko zote, ila inahitaji moto mkali.

Kwa chupa mwambie kijana wa Makorora hivi: mkwaruzo wa duara zima, kwa kikatio cha kioo chenye kigurudumu, mwanzo na mwisho wake vikutane bila kupishana. Si lazima ununue mtambo. Funga kikatio juu ya kipande cha ubao kwa urefu unaotaka, simamisha chupa kwenye meza iliyonyooka, izungushe taratibu huku inagusa kikatio. Zunguka mara moja, tone la mafuta ya cherehani kwenye kigurudumu. Halafu birika. Maji yaliyochemka, mchirizi mwembamba juu ya mstari, chupa inazunguka. Kisha maji ya bomba. Kisha birika tena. Polepole. Ufa utauona unatembea ndani ya kioo ukiinamisha kichwa, mstari wa fedha chini ya mkwaruzo. Chupa huachia yenyewe, wala haipigwi na kitu.

Ninapotaka mstari mnyoofu sana natumia waya wa koili ya jiko la umeme lililokufa. Kuna hesabu ndogo ya kufurahisha hapa. Koili ya wati 1000 kwa umeme wa volti 230 hupitisha kama ampea 4.3. Ukitaka waya ule ule uwake vile vile kwa betri ya gari ya volti 12, chukua kipande kimoja katika kumi na tisa cha urefu wa waya ulionyooshwa. Kwa koili niliyo nayo, kipande hicho kinatosha kuzunguka chupa ya bia na kubakisha ncha za kushikia. Unauzungusha waya juu ya mkwaruzo, ncha zisigusane, unaunganisha klipu, unahesabu pumzi chache, *tik*. Usiuchomeke waya huo kwenye soketi ya ukutani, hata kwa jaribio la sekunde moja. Betri tu.

Sasa glopu, ambayo ndiyo watu wengi wanaitaka. Hakikisha kwanza ni glopu gani. Nyingi za LED zinazouzwa siku hizi tumbo lake ni plastiki, chukua msumeno wa chuma umalize mambo yako. Zile za waya wa tangsteni bado zipo, hasa kwa wafuga kuku wanaolelea vifaranga kwa joto la glopu, na zangu nazipata kwao zikishaungua.

Glopu ina wema mmoja ambao chupa haina. Tumbo lake lilipulizwa ndani ya kalibu yenye unyevu huku linazungushwa, kwa hiyo halina mshono. Mashine ya kampuni ya Corning ya Marekani ya mwaka 1926 ndiyo iliyowezesha kuyapuliza mfululizo kutoka kwenye utepe wa kioo kilichoyeyuka. Ufa ukianza sawa, unazunguka sawa. Ubaya wake ni wembamba: haipendi kubanwa. Kikatio cha kigurudumu weka kando.

Usianze na kukwaruza. Anza na hewa. Ndani ya glopu kubwa kuna agoni na naitrojeni, mtindo ulioletwa na mwanakemia Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric mwaka 1913, na glopu ikiwa baridi kanieneo (msukumo) ya gesi hiyo iko chini ya ile ya hewa ya nje. Vile vidogo vya wati 15 au 25 mara nyingi ni ombwe tupu, yaani ndani hamna hewa wala gesi. Ukikata bila kuingiza hewa, kioo kinarukia ndani. Kwa hiyo: miwani, glavu, glopu imevikwa taulo imebaki kofia tu, kile chuma kinachoingia kwenye holda. Kwa praizi ng'oa nukta za risasi ya kulehemu za kitakoni, mbili kwa glopu ya pini, moja kwa ya kuskurubu. Vunja kile kioo cheusi kinachozizunguka kwa vipande vidogo vidogo. Ndani utakuta kijimrija chembamba kilichofungwa ncha: ndicho walichofyonzea hewa kiwandani. Kivunje kwa ncha ya bisibisi. Ukitega sikio utasikia *fss* fupi. Glopu yako sasa haina kinyongo.

Kuanzia hapa kuna njia mbili. Anayetaka kuacha kofia kwa ajili ya sura anaendelea na bisibisi, anavunja shina la ndani na kuvichomoa vipande kwa waya. Ni kazi ya subira, na mdomo unabaki na meno. Mimi naikata shingo. Ukiichungulia glopu angavu utaona shina la ndani limeungwa na shingo karibu na kofia. Chini ya muungano huo, nusu sentimita mpaka sentimita moja kuelekea tumboni, ndipo pa kukata. Usiusogelee muungano wenyewe, pana mkazo uliobaki tangu kiwandani na ufa utapotea. Ukikata hapo, kofia, shina na waya vinatoka pamoja vikining'inia kwenye kipande kimoja. Lazima vitoke, maana vyote viliingia kwa shingo hiyo hiyo.

Kwaruza kwa tupa ndogo ya almasi, zile zinazouzwa pakiti nzima kwenye maduka ya vifaa. Ilaze tupa juu ya vitabu na uifunge isisogee, halafu izungushe glopu dhidi yake kwa vidole, kwa uzito wa glopu yenyewe tu. Mstari ukishakuwa wa duara zima, lete waya wa betri, mwekundu hafifu. Kioo chembamba hupata joto haraka, kwa hiyo shughuli ni ya sekunde chache: zungusha, ondoa, gusa kwa kitambaa kilicholowa. Usimwagie maji. Shingo inaachia kwa mlio mdogo ambao redio ikiwa juu hutausikia.

Glopu iliyopakwa unga mweupe ndani huoshwa kwa maji na chumvi ya mawe, unatikisa mpaka iwe angavu. Ile iliyoparara kwa asidi haitoki, iache ilivyo. Ya milimita 60 inafanya chupa nzuri ya duara ya kuchemshia maji kidogo kwenye jaribio la darasani, polepole na kwa moto mdogo. Kuna wanaotaka nitengeneze koroboi la mafuta ya taa kwa glopu. Sitengenezi. Kioo chembamba vile, mafuta, utambi na watoto nyumba moja, hapana.

Kingo zote, za glopu na za chupa, nazisugua kwa msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha: chupa naanza na namba 120, kisha 220, kisha 400, glopu naanza na 220 kwa mkono mwepesi. Pawe na maji muda wote, vumbi la kioo si la kuvuta puani. Kulainisha mdomo wa chupa kwa moto sikushauri: chupa nene ikitoka kwenye mwali inataka tanuri la kuishusha polepole kutoka kama nyuzi 550, la sivyo itapasuka yenyewe kabatini.

Wananiuliza pia taa ndefu za mrija, zile za ofisini, kwa kuwa zile nyembamba zina kipenyo cha milimita 26 na zimenyooka vizuri. Hizo sikati, na usikate. Ndani yake kuna zebaki, kidogo lakini ipo, na ule unga mweupe umeishikilia. Nchi za Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, zimekubaliana kuacha kuzitengeneza, kuziagiza na kuzisafirisha nje ifikapo 2027, kwa sababu hiyo hiyo. Ikikuvunjikia, fungua madirisha, toka dakika kumi hivi, rudi ukusanye kwa kadibodi na utepe wa gundi, si kwa ufagio. Glopu za gari za halojeni nazo waachie wenyewe: gesi yake ina kanieneo kubwa kuliko ya nje, zinaruka. Kioo cha televisheni ya zamani yenye mgongo ni ombwe kubwa, usikiguse hata na tupa.

Vipande vyangu haviendi kwenye mfuko wa taka. Nina dumu la plastiki nililolikata juu, nimeliandika KIOO kwa rangi nyekundu, kwa sababu vijana wanaozoa taka mtaani kwetu hubeba mifuko mgongoni na wengi wao wamevaa fulana tu. Likijaa nalifunga kwa utepe wa gundi na kumkabidhi mmoja wao mkononi, nikimwonyesha maandishi.